Siku kumi na moja nyuma ya Bwana Shauri: tandala wa Kizigo na mimi mfuata nyayo

#1 MfuataNyayo

Wakuu, mbukwenyi.

Jana kwenye uzi wa mapishi kuna mdau aliuliza nyama ya tandala aliyoikuta kwenye bucha la nyamapori hapa Dodoma ni ya mnyama gani hasa. Majibu yalikuja ya kila rangi. Mmoja kasema tandala ni nyumbu wa kike. Mwingine kasema ni mbuzi mwitu. Nikaona hapana, mnyama aliyekula misimu sita ya ujana wangu pamoja na goti la kulia hawezi kuitwa mbuzi nikiwa hai.

Kujitambulisha kidogo. Kuanzia 2009 hadi 2014 nilikuwa mfuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji wa kitalii upande wa Kizigo, wilaya ya Manyoni. Kampuni siitaji, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Siku hizi nauza mabati na misumari Kizota, kwa hiyo msinifuate chemba kuulizia pembe.

Tandala ni nani? Kuna ukoo wa wanyama wenye pembe zilizosokotwa kama kamba ya katani: pofu, pongo, nzohe anayekaa kwenye matete, tandala mkubwa na tandala mdogo. Bongo naye ni ndugu yao, ila kwetu hayupo. Nchi nzima tunaiita Bongo na bongo mwenyewe hatuna. Ninayemzungumzia hapa ni tandala mkubwa, dume. Kilo 200 na ushee, wengine wanakaribia 300. Begani anamfikia mtu mzima kidevuni. Kijivu kinachoelekea rangi ya udongo, michirizi myeupe ya wima ubavuni kama mtu kamwagia chokaa kwa vidole, mstari mweupe kati ya macho, ndevu zinazoshuka shingo nzima, na masikio mapana yanayogeuka kila upande.

Jike hana pembe. Dume anazaliwa hana, zinachomoza kabla hajamaliza mwaka mmoja au hapo hapo, na anakufa nazo, hazidondoki. Akiwa na miaka 2 hivi zimepiga mzunguko wa kwanza. Mizunguko miwili na nusu haikamiliki mpaka anakaribia miaka 6. Ukiona ncha bado zinatazamana, huyo kijana. Ukiona ncha zimefunguka, kila moja imeshika njia yake, huyo mzee. Hilo lishikeni, ndilo lililotugombanisha.

Naendelea nikifunga duka.

#2 Kibajaji

Nimekaa mkao wa kula. Msimamizi, tafadhali usije ukauunganisha huu uzi na ule wa mapishi.

#3 DadaWaMakole

Mimi ndiye niliyesema nyumbu wa kike. Nimefuta.

#4 BinamuYakoKondoa

Mkuu unasema tusikufuate chemba. Sasa sisi ambao Chemba ndiyo wilaya yetu twende wapi?

#5 MfuataNyayo

@BinamuYakoKondoa nyie njooni dukani, bati za geji 30 zipo.

Tuendelee. Mto Kizigo unashuka kwenda kuungana na Ruaha Mkuu upande wa Mtera. Kiangazi ni mto wa mchanga, maji yanabaki madimbwi ya kuhesabu. Pori la Kizigo limeshikana na Rungwa na Muhesi, na kusini linagusana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa hiyo mnyama hana mpaka, mpaka tunao sisi wenye karatasi. Msimu hufunguliwa Julai. Kufika mwezi wa tisa majani yamepukutika, unaona mbali, ila nayo hayo majani yaliyoanguka yanalia chini ya kiatu kama bisi. Unachopata kwa macho unakipoteza kwa miguu.

Na ndorobo. Ndorobo wa kule hawana adabu kabisa. Wanapenda gari linalotembea na kitu chochote cheusi au cha bluu. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na suruali ya jinzi mpya. Sitaki kuongea.

Watu wanadhani kufuata mnyama ni kukimbia. Tandala hakimbizwi. Pofu atatembea siku nzima na wewe nyuma, na viungo vya miguu yake vinalia ka, ka, ka, unamsikia kabla hujamwona. Tandala anasimama. Anaingia kichakani, anageuza masikio, anasimama mpaka wewe upite. Nimewahi kumpita mmoja hatua 15 na sikujua mpaka alipobweka nyuma yangu. Ndiyo, anabweka, sauti moja nzito kama ya jitu lililokwamwa na mfupa. Akishabweka siku yako imeisha: analaza pembe mgongoni, anainua mkia, unaona weupe wa chini ya mkia mara mbili, kichaka kinajifunga.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kikimbu kutoka Rungwa. Nilimwita Babu. Yeye aliniita "mjukuu wa ng'ombe" kwa sababu mimi ni Mgogo, na akisema mbele ya kambi nzima. Kiunoni alikuwa na soksi ya mtoto iliyojaa majivu. Kila tukisimama anaitikisa kidogo, majivu yanaonyesha upepo unaelekea wapi. Sheria yake ya kutembea: hatua tatu, halafu simama muda wa kutafuna karanga kumi. Nilipouliza karanga ziko wapi akasema, "Ndiyo maana utachelewa kufika."

Na neno lake kuu: usimtafute tandala, tafuta kipande. Sikio linalopepesa inzi. Mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo kila mti umesimama. Ncha ya pembe, kwa sababu ncha ina weupe na inashika jua. Ukitafuta mnyama mzima utarudi kambini na njaa.

Nyayo zake hazina ugumu ukishazijua. Ukwato mwembamba, umechongoka mbele, kama moyo uliochorwa na mtu mwenye haraka. Wa pofu ni mpana na butu, karibu na wa ng'ombe. Wageni wengi huwachanganya hawa wawili. Wageni wengi huchanganya vingi.

#6 Mwanachuo_Sanga

Nasoma mambo ya wanyamapori, niongezee kidogo kwa ajili ya @DadaWaMakole. Tandala mdogo si mtoto wa tandala mkubwa, ni aina yake mwenyewe. Dume ana kilo kama 100, hana zile ndevu za shingoni, ana mabaka mawili meupe kooni na michirizi mingi zaidi ubavuni, mara nyingi 11 na kuendelea. Ukitaka kuwaona wote wawili katika hifadhi moja nenda Ruaha.

Halafu wote ni walaji wa majani ya miti na vichaka kuliko nyasi. Ndiyo maana wanaishi kwenye vichaka na hawagombanii malisho na ng'ombe moja kwa moja. Walichogawana na ng'ombe ni maradhi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na ikaondoka na nyati, pofu na tandala humo humo.

#7 MjukuuWaFarkwa

Hapo kwenye kusimama umepiga mle mle.

Sisi ni Wasandawe. Babu mzaa baba alikuwa mtu wa upinde. Alikuwa akisema mshale wa sumu hauui tandala, unamtia saini tu. Ukishapiga unakaa chini. Unavuta tumbaku. Unaongea mambo mengine kabisa, hata ya mahari. Ukimfuata mapema anakimbia na sumu anaimaliza mbali, ukimwacha anasimama kichakani kama kawaida yake na humo humo analala. Vijana wenye pupa walikuwa wanatumwa kuchota maji ili wasiharibu.

Pori walilokuwa wakiwinda sehemu yake leo ni Pori la Akiba Swagaswaga. Upinde wa babu uko juu ya dari, kamba imeliwa na panya. Mimi mwenyewe nafuga nyuki. Ila ukienda Kolo ukaangalia michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, utakuta pofu na twiga wamechorwa na mtu ambaye alikaa akawatazama sana. Siyo mtu aliyepita na gari.

#8 Kibajaji

Baba mkwe ana pembe za kusokotwa sebuleni juu ya kabati la televisheni, anatundikia kofia. Anasema alizikuta kwenye nyumba wakati anainunua. Hizo ni za tandala? Na bei yake ikoje sokoni?

#9 AfandeMstaafu

@Kibajaji ufute hilo swali la bei kabla hujalala.

Nimetumikia idara miaka mingi, nizungumze kwa faida ya wote. Pembe, ngozi, jino, hata nyama ya mnyamapori ni nyara za serikali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ukikutwa nayo bila kibali wewe ndiye wa kueleza umeipataje, na "niliikuta kwenye nyumba" nimeisikia mara nyingi kuliko salamu. Kesi hizi zinaunganishwa na uhujumu uchumi. Watu wanakula miaka 20. Mwambie mzee aende ofisi ya wanyamapori ya wilaya mwenyewe, kwa miguu yake, aeleze. Akienda mwenyewe ni mazungumzo. Akifuatwa ni jambo jingine.

Nyama ile ya buchani ni halali kwa sababu bucha lina leseni chini ya kanuni za 2020, na unapewa risiti. Tunza risiti mpaka umalize kula.

Na kwa wanaojiuliza kuhusu uwindaji wenyewe: hata mwenye leseni haruhusiwi kupiga usiku, kupiga kutoka ndani ya gari, kutumia mbwa, mtego, sumu wala moto. Jike mwenye mimba au ndama haguswi. Ukimjeruhi akapotea amehesabiwa wako, umemlipia.

#10 MsemaKweliManyoni

Afande tunakuheshimu lakini ngoja niulize swali la mtu wa kijijini. Mgeni akiua tandala ni utalii. Babu yake @MjukuuWaFarkwa akiua ni jangili. Tandala ni yule yule. Tofauti ni nini zaidi ya pochi?

Nimekulia pembeni ya pori. Tembo wakila mtama wangu nikapige simu. Tandala akiingia shambani kwangu kula kunde, naye ananijua sina la kumfanya.

#11 AfandeMstaafu

@MsemaKweliManyoni tofauti ni hesabu. Mgeni anapewa kibali cha dume mmoja, anasimamiwa na askari wa wanyamapori, analipia kila anachogusa. Mtego wa waya hauchagui dume wala jike wala ndama. Nimetoa waya kwenye shingo ya jike mwenye mimba, usiniambie ni chakula cha watoto. Na robo ya ada ya wanyama wanaowindwa inarudi halmashauri.

#12 MsemaKweliManyoni

Inarudi halmashauri. Sawa. Kutoka halmashauri hadi shuleni kwetu ni kilometa 70 na naona bado iko njiani.

#13 AfandeMstaafu

Hapo sina jibu.

#14 DadaWaMakole

Jamani mleta mada arudi, mmegeuza uzi kuwa Bunge na Bunge lenyewe tunalo hapa mjini.

#15 MfuataNyayo

Nimerudi. Naomba niandike yote kwa mkupuo, umeme wenyewe mnaujua.

Mwaka 2013, Septemba. TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, ilikuwa bado haijaanza, vitalu vilikuwa chini ya Idara ya Wanyamapori. Alikuja mgeni kutoka Ulaya kwa safari ya siku 21. Alikuwa amekwisha kuwinda nyati na alipata wake siku ya tatu. Kilichomleta hasa ni tandala. Alikuwa mtu mzima, mpole, anasema asante kwa utingo na kwa mpishi. Nalisema hilo mapema ili msije mkamfanya shetani.

Siku ya tano Babu alishuka kwenye gari kukojoa na hakurudi. Tukamfuata, tukamkuta amechuchumaa. Alama za dume, zimeingia mchanga kuliko nilivyowahi kuona, na kwato za mbele zikiwa kubwa kuliko za nyuma kama ilivyo kwa madume yenye shingo nzito. Alikuwa peke yake. Babu akaweka kiganja juu, akasema, "Bwana Shauri."

Vijana wa sasa hamjui. Bwana Shauri alikuwa ofisa wa wilaya enzi za mkoloni, yule unayemngoja barazani tangu asubuhi na akitaka anakupitia mlango wa nyuma. Kumbe Babu alikuwa anamjua huyo dume tangu msimu uliopita. Alikuwa amemwona mara moja: sikio la kulia limechanika, na ncha ya pembe ya kushoto imevunjika kama urefu wa kidole gumba. Ncha zimefunguka nje. Ule mvunjiko akasema ni wa ugomvi. Madume wakipigana pembe huweza kufungana kama parafujo, wakashindwa kuachana, wakafa wote wawili wakiwa wamekumbatiana. Huyu alivunja akatoka.

Siku hiyo ndiyo ya kwanza ya kumfuata. Tulimfuata hadi saa sita, akasimama, tukasimama, akabweka. Kwaheri.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu upepo uligeuka saa mbili asubuhi, soksi ya Babu ikatuelekea usoni, tukarudi bila hata kubishana. Ya nne tulikuta alikunywa maji usiku na kuondoka kabla ya alfajiri. Anajua ratiba ya Land Cruiser. Ya tano mgeni alitaka tumngoje dimbwini. Askari wetu akakataa, maji si mahali pa kuvizia kisheria, na Babu akakataa kwa sababu zake, alisema hata mdeni wako humkamati anapokunywa maji.

Ya sita niliteleza kwenye korongo. Goti ndiyo hilo.

Ya saba ndiyo niliyomwona. Nilikuwa nimekaa nyuma kwa sababu ya goti, nimeegemea mbuyu, wenzangu wako mbele mita 200 hivi. Kule kwenye mikole kukawa na tawi lililotembea. Nikafuata lile tawi kwa macho, likapinda, likapinda tena, likafika angani likaishia butu. Upande wa pili likaendelea hadi ncha nyeupe. Alikuwa kati yangu na wao. Walikuwa wamekwisha kumpita! Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anawatazama wao wakienda, akitafuna. Nilipaswa kupiga mluzi wa kwale, ndiyo ishara yetu. Mdomo ulikauka. Nadhani nilikuwa na muda wa kutafuna karanga kumi na zaidi. Alipomaliza akaingia kwenye kichaka bila kugusa jani, na pembe zile zote!

Kambini sikusema. Babu alinitazama nilipokuwa naosha goti akaniuliza, "Butu ni ya kushoto, siyo?" Nikasema ndiyo. Akaenda kulala.

#16 Kibajaji

Weeeee.

#17 MjukuuWaFarkwa

Huyo mzee namkubali. Endelea mkuu.

#18 MfuataNyayo

Siku ya nane, ya tisa, ya kumi hakuna cha maana. Vumbi, ndorobo, mikebe ya maharage. Mgeni alianza kuhesabu siku zake kwa vidole. Mwindaji bingwa aliyemwongoza, mwenye leseni yake na sifa zake, naye alianza kuhesabu. Safari yenye mgeni aliyekosa alichokijia ni safari isiyorudi mwakani.

Ya kumi na moja tulitoka saa tisa alasiri. Kufika kumi na mbili na nusu jua limeshuka kwenye miti, rangi zote zimekuwa moja. Mbele yetu, mita kama 150, ng'ambo ya mto wa mchanga, akatoka dume. Ubavu wote. Pembe ndefu, nyeusi, nzuri. Mwindaji bingwa akainua darubini akasema kwa Kizungu kitu kifupi. Akasimika mkongojo wa kuegemezea bunduki.

Babu hakuwa na darubini. Alisema, "Mtoto huyo." Kwa Kiswahili, kwa sauti, wazi. Nilimsikia mimi, alisikia askari, alisikia dereva. Ncha zilikuwa bado zinatazamana. Mzunguko wa pili ndiyo kwanza unakamilika. Miaka 4, zaidi 5. Masikio mazima yote mawili.

Mwindaji bingwa aliitika kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Akamgusa mgeni bega.

Risasi ilikwenda nyuma mno. Mnyama kama yule unapiga nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini. Hii ilimkuta tumboni. Unaijua kwa sauti, ile ya ngumi kwenye gunia la pamba. Alikunjika mgongo, akaruka kichaka kinachonizidi urefu, akaingia gizani. Nusu saa baadaye hatukuona hata mikono yetu. Kufuata usiku hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, kule kuna simba. Tukalala.

Saa saba usiku tulisikia fisi. Kambi nzima ilikuwa macho na hakuna aliyesema neno. Mgeni alikuwa amekaa nje ya hema lake na taa imezimwa.

Asubuhi tulimkuta chini ya mgunga, hata mita 400 hazikufika. Nyuma yote imeliwa. Kichwa kizima. Mwindaji bingwa akapima kwa utepe akifuata msokoto, kwa nje, kutoka shina hadi ncha: inchi 44. Kusini mwa Afrika watu wanaota inchi 60. Kwetu huku tandala si warefu hivyo, ukifika 50 una dume la kupigia picha. 44 ya mzee ingekuwa sawa, kuna wazee wenye pembe fupi. 44 ya kijana ni nyumba iliyopangishwa kabla haijaezekwa.

Babu alichuchumaa akapitisha kidole kwenye msokoto, polepole, kama anasoma. Kisha akamtazama mgeni, siyo mwindaji bingwa, akamwonyesha ncha mbili zinavyotazamana. Hakusema kitu. Mgeni alielewa. Alivua kofia, akakaa chini kwenye mchanga.

Iliyofuata ndiyo sababu siitaji kampuni. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba wafuata nyayo walimtambua mnyama vibaya. Bakshishi yetu ikakatwa nusu. Mgeni aliposikia alimwita Babu pembeni ya choo, akampa saa yake ya mkononi. Babu hakuwa anajua kusoma saa. Aliivaa hadi nilipomwona mara ya mwisho, ikiwa imesimama saa nne na nusu.

#19 Mwanachuo_Sanga

Duh. Hapo kwenye umri kuna hoja kubwa. Dume wa miaka 4 au 5 ndiyo kwanza anaanza kupata nguvu ya kupanda majike. Mzee wa ncha za nje amekwisha kuacha watoto na kawaida anaishi pembeni. Porini wachache wanaovuka miaka 8 au 9. Ukichagua mzee umepunguza kidogo. Ukichagua kijana umekata foleni nzima nyuma yake.

#20 BwanaChai

Samahani wakuu ila hii chai ina tangawizi. Eti ulimwona ukanyamaza? Mtu wa kulipwa bakshishi unanyamaza? Na saa ya mgeni? Leta ushahidi.

#21 MamaWaKambi

@BwanaChai kaka, mimi nilipika kwenye kambi za Rungwa miaka minne. Siyo kambi ya mleta mada, ila hizo taarifa za "wafuata nyayo walikosea" nimezisikia nikikoroga ugali. Usiwe mwepesi.

Na kwa mwenye nyama ya buchani: tandala hana mafuta. Ukiichoma kama ya mbuzi utatafuna kamba. Ikate nyembamba, ianike na chumvi siku mbili iwe kavu, halafu iloweke, ichemshe taratibu na nyanya, umalizie na karanga zilizopondwa. Kwa ugali wa mtama. Mlenda pembeni kama una mgeni wa Kigogo, usipoweka atakuuliza.

#22 DadaWaMakole

@MamaWaKambi asante dada, ndilo swali nililotaka jibu lake tangu jana. Mleta mada, Bwana Shauri aliishia wapi?

#23 MfuataNyayo

@BwanaChai hujawahi kusimama mbele ya kitu ukasahau mshahara wako, nakuombea siku moja.

@DadaWaMakole ndiyo namalizia.

2014 nilirudi, msimu wangu wa mwisho. Babu hakuja, macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Novemba mwishoni, mawingu yamejaa lakini mvua bado, ule wakati ambao kila kitu porini kinaishi kwa deni. Tulikuwa tunatafuta njia ya gari kando ya mto, mimi na askari mmoja kijana. Tukaona kunguru.

Alikuwa amelala chini ya kingo, kivulini, hatua chache kutoka dimbwi lililobaki matope. Siku tatu au nne. Fisi walikuwa bado hawajamfikia, sijui kwa nini. Hakuna jeraha la risasi wala waya, tulimgeuza tukaangalia. Nilimfungua mdomo. Meno ya nyuma yalikuwa yamelika hadi fizi, mengine ni vijiti tu. Huwezi kutafuna majani ya Novemba kwa meno hayo.

Sikio la kulia limechanika. Pembe ya kushoto butu.

Hatukuwa na utepe. Nilipima kwa shubiri pembe ya kulia, nikifuata msokoto kama nilivyomwona mwindaji bingwa akifanya. Shubiri yangu ni inchi 8 na robo. Zilienda sita na vidole vitatu. Askari akaandika kwenye daftari: tandala mkubwa, dume, kifo cha kawaida. Akakata kichwa kwa ajili ya ghala, nyara ya serikali. Mimi nikabeba hadi kwenye gari, kilometa mbili, pembe moja kila upande wa shingo, na kila nikipita kwenye mikole zinakamata matawi na kunirudisha nyuma. Mpaka leo sijui yeye alikuwa anapitaje.

Nilipita Rungwa kumwambia Babu. Alikuwa amekaa nje anachambua karanga. Nilipomaliza kueleza akauliza alikuwa ameelekea wapi, nikasema kichwa kilielekea majini. Akasukuma ungo upande wangu.

#24 Kibajaji

Mkuu nimesoma mara mbili. Picha huna hata moja?

#25 MfuataNyayo

Simu yangu ya 2014 ilikuwa ya tochi.

#26 Kibajaji

Sawa. Halafu baba mkwe kasema Jumatatu anakwenda ofisi ya wanyamapori. Kofia kaitundika kwenye msumari.